Utafiti wa tiba usimame lini? Kanuni iandikwe kabla ya mgonjwa wa kwanza

Na Mwandishi Wetu

JANUARI 2011, madaktari waliokuwa wakiendesha utafiti mkubwa wa watoto mahututi katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania waliacha kuandikisha watoto wapya. Utafiti ulikuwa haujafika mwisho. Ulipangwa kuwa na watoto 3,600, na waliokwisha kuandikishwa walikuwa 3,141.

Waliotoa pendekezo la kusimamisha kazi hiyo hawakuwa madaktari wa wodini, wala wafadhili, wala serikali. Ilikuwa kamati huru ya usalama na takwimu, ambayo kazi yake ilikuwa kufungua hesabu za utafiti kwa vipindi vilivyopangwa na kuuliza swali moja: je, tuendelee?

Utafiti huo, uliojulikana kwa jina la FEAST, ulifanyika Kilifi nchini Kenya, katika Hospitali ya Teule wilayani Muheza hapa Tanzania, na katika hospitali nne za Uganda, zikiwamo Mulago na Mbale. Uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, aliyekuwa na makao yake ya kazi Kilifi. Ulitaka kujua kama mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri mwilini anafaidika akitundikiwa dripu ya maji mengi kwa haraka, kama ilivyokuwa kawaida katika nchi tajiri.

Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji yenye albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu halikupewa maji hayo ya haraka, ila matibabu mengine yote yaliendelea.

Wengi walitarajia kuwa dripu ingeokoa maisha. Matokeo yalikuwa kinyume. Ndani ya saa 48, waliofariki katika kundi la albumini walikuwa asilimia 10.6, katika kundi la maji ya chumvi asilimia 10.5, na katika kundi lisilopewa maji ya haraka asilimia 7.3. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 waliopewa maji hayo, watatu zaidi walipoteza maisha.

Ni vema msomaji afahamu kuwa watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa katika utafiti huo. Kwa hiyo matokeo hayo hayagusi dripu anayopewa mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara.

Sasa tufanye hesabu rahisi. Watoto 459 walikuwa hawajaandikishwa. Theluthi mbili yao, yaani 306, wangepata maji ya haraka. Kwa tofauti iliyoonekana, watoto wapatao 10 wangefariki ili tu idadi iliyoandikwa katika mpango itimie. Hawakufariki, kwa sababu mpango wenyewe ulikuwa na kifungu kinachoruhusu kusimama.

Kifungu hicho ndicho kiini cha tawi la takwimu ambalo halizungumzwi sana katika vyombo vyetu vya habari, licha ya kwamba linagusa maisha ya maelfu ya wananchi wa Afrika Mashariki wanaojitolea katika tafiti za afya. Ni mbinu za takwimu za hatua kwa hatua, ambazo mtafiti huzitumia kuchunguza data kadiri zinavyoingia badala ya kusubiri mwisho.

Kwa utaratibu wa zamani, mtafiti hukokotoa idadi ya watu anaowahitaji, huwaandikisha wote, husubiri, kisha hufungua hesabu mara moja tu. Utaratibu huu ni safi kihesabu. Lakini una kasoro ya kiutu: kama dawa inaua, hakuna atakayejua mpaka wa mwisho awe ameimeza. Na kama inaponya, walio katika kundi linganishi watainyimwa mpaka siku ya mwisho.

Hapo mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi wasifungue hesabu kila wiki, na siku tofauti ikionekana wakasimama?

Jibu lake si gumu kwa mpenzi wa soka. Tuseme mwamuzi wa mechi ya Simba na Yanga ameruhusiwa kupuliza filimbi ya mwisho dakika yoyote anayotaka, naye ni shabiki wa upande mmoja. Atasubiri timu yake ipate bao la kuongoza, kisha atapuliza. Hata timu dhaifu huongoza kwa dakika kadhaa. Mwamuzi huyo atatangaza ushindi mwingi usio wa kweli.

Ndivyo ilivyo kwa data. Watafiti kwa kawaida hujiruhusu uwezekano wa asilimia 5 wa kutangaza kuwa kuna tofauti wakati haipo. Lakini mwaka 1969, Peter Armitage wa Uingereza na wenzake walionesha kuwa ukifungua hesabu mara mbili kwa kigezo hicho hicho, uwezekano wa kukosea unapanda hadi asilimia 8. Ukifungua mara tano, unafika asilimia 14. Mara kumi, asilimia 19. Kila kuchungulia kuna gharama yake.

Mbinu hizi zilizaliwa vitani. Mwaka 1943, mwanahisabati Abraham Wald, aliyekuwa amekimbilia Marekani kutoka Austria, alikuwa katika kikundi cha takwimu cha Chuo Kikuu cha Columbia kilichosaidia jeshi. Swali lilikuwa namna ya kupima ubora wa silaha bila kuharibu nyingi mno. Wald alibuni kanuni ya kupima moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja kuamua kati ya mambo matatu: kukubali, kukataa, au kuendelea kupima. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1945, vita vilipokwisha. Ilionesha kuwa uamuzi wenye uhakika ule ule ungeweza kufikiwa, kwa wastani, kwa kutumia karibu nusu ya sampuli.

Armitage aliihamishia kanuni hiyo hospitalini, na mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu majaribio ya tiba ya namna hiyo. Lakini hospitali si kiwanda. Huwezi kuitisha kikao kila mgonjwa mmoja anapopona au kufariki. Ndipo mwaka 1977 Stuart Pocock, na mwaka 1979 Peter O'Brien na Thomas Fleming, walipoweka kanuni za kufungua hesabu kwa mafungu, mathalani mara tatu, nne au tano katika uhai wote wa utafiti.

Namna rahisi ya kuielewa ni kuifananisha ile asilimia 5 na posho ya unga ya mwezi mzima. Kila unapofungua hesabu, unachota kidogo. Pocock alishauri kuchota kwa kipimo kilicho sawa kila mara. O'Brien na Fleming walishauri kuchota kidogo sana mwanzoni na kuacha sehemu kubwa kwa ajili ya mwisho. Kwa kanuni yao, utafiti husimama mapema pale tu ushahidi unapokuwa mkubwa kupita kiasi. Tofauti ndogo ya mwanzo, hata ikipendeza namna gani, haitoshi.

Jambo la msingi katika kanuni zote hizo ni kwamba ratiba ya kufungua hesabu na kizingiti cha kusimama huandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa. Aidha, wanaofungua hesabu si wale wanaotibu. Daktari wa wodini haambiwi kundi lipi linaongoza, asije akaanza kuwachagulia wagonjwa wake bila kujua.

Ukanda wetu una mfano ambao hata jina lake ni la Kiswahili. Mwaka 2018 ugonjwa wa Ebola ulizuka katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hadi ulipotangazwa kwisha katikati ya mwaka 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki. Novemba 2018, katikati ya janga hilo, ulianza utafiti wa dawa nne ulioitwa PALM, kifupi cha maneno Pamoja Tulinde Maisha. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyeshiriki kuuchunguza ugonjwa huo tangu ulipogunduliwa mwaka 1976.

Dawa mojawapo, ZMapp, ndiyo iliyowekwa kuwa kipimo cha kulinganishia nyingine. Dawa hiyo ilikuwa na historia ya kufundisha. Ilijaribiwa kwanza wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi, katika utafiti ulioanza mwaka 2015. Watafiti walitaka wagonjwa 200, lakini mlipuko ulipungua wakabaki na 72. Waliofariki miongoni mwa waliopata ZMapp walikuwa asilimia 22, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida peke yake asilimia 37.

Kwa macho ya kawaida huo ni ushindi. Lakini kanuni iliyoandikwa mapema ilidai uhakika wa asilimia 97.5, na kilichopatikana kilikuwa asilimia 91.2. Watafiti hawakutangaza ushindi. Waliandika kuwa dalili ni nzuri lakini kizingiti hakikufikiwa.

Subira hiyo ilizaa matunda Kongo. Agosti 9, 2019, kamati huru ilifungua hesabu za wagonjwa 499 na kukuta kuwa dawa iitwayo REGN-EB3 imevuka kizingiti, huku nyingine iitwayo mAb114 ikiifuata kwa karibu. Utafiti ulisimamishwa ukiwa umeandikisha wagonjwa 681 kati ya 725 waliopangwa. Kuanzia hapo wagonjwa wapya walipewa moja ya dawa hizo mbili tu.

Hesabu ya mwisho ilionesha kuwa waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 33.5 kwa REGN-EB3, asilimia 35.1 kwa mAb114, asilimia 49.7 kwa ZMapp na asilimia 53.1 kwa remdesivir. Kama ZMapp ingetangazwa mshindi mwaka 2016 kwa mvuto wa tofauti ya awali, si ajabu hamu ya kuipambanisha na dawa nyingine ingepungua.

Ikumbukwe kwamba kazi hiyo ilifanyika katika eneo la vita, ambako vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Kanuni ya kusimama haikuwa anasa ya maabara za Ulaya. Ilifanya kazi mahali ambapo hata usalama wa muuguzi ulikuwa wa mashaka.

Sababu ya tatu ya kusimama ni pale inapodhihirika kuwa hata utafiti ukiendelea, hautapata jibu la matumaini. Watanzania walilishuhudia hilo hivi karibuni. Utafiti wa PrEPVacc, ulioanza Desemba 2020 katika Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, ulijaribu mafungu mawili ya chanjo dhidi ya virusi vya ukimwi kwa watu 1,512. Mwishoni mwa mwaka 2023 kamati huru ilishauri utoaji wa chanjo usimamishwe, kwa kuwa uwezekano wa kuonesha kinga ulikuwa mdogo mno. Sehemu nyingine ya utafiti huo, iliyohusu vidonge vya kinga, iliendelea.

Habari kama hizo zikifika mitaani bila maelezo huzaa uvumi. Mtu husikia kuwa chanjo imesimamishwa, naye huhitimisha kuwa kuna waliodhurika na ukweli unafichwa. Kumbe kusimama kwenyewe ndiko kulikokuwa ushahidi kwamba kuna aliyekuwa akiangalia.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuzisifu mbinu hizi bila kutaja udhaifu wake. Mwaka 2010, Dirk Bassler na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA ulinganisho wa majaribio 91 yaliyosimamishwa mapema kwa sababu ya mafanikio na mengine 424 ya maswali hayo hayo ambayo hayakusimamishwa hivyo. Waligundua kuwa yaliyosimamishwa mapema yalielekea kuikuza faida ya tiba kuliko ilivyo, hasa yalipokuwa na wagonjwa wachache. Sababu yake ni ile ya mwamuzi wetu wa soka: husimama pale bahati inapokuwa imekaa upande wa dawa.

Vilevile, utafiti ukikatishwa, maswali ya muda mrefu hupoteza kundi la kulinganishia. Desemba 2006, tafiti za tohara ya wanaume na maambukizi ya virusi vya ukimwi mjini Kisumu, Kenya, na wilayani Rakai, Uganda, zilisimamishwa mapema baada ya kuonekana kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takriban nusu. Wanaume wa kundi linganishi walipewa fursa ya kutahiriwa nao pia. Ilikuwa haki yao. Lakini swali la kinga hiyo kudumu miaka mingapi lililazimika kujibiwa kwa njia ndefu zaidi.

Tena, kusimama mapema si mwisho wa safari. Utafiti wa FEAST ulisimama mwaka 2011, lakini ni mwaka 2016 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mpya ukiagiza kuwa mtoto mwenye homa na dalili moja au mbili tu za damu kutozunguka vizuri, ambaye hajafikia hali ya mshtuko, asipewe maji ya haraka. Miaka mitano ni mirefu kwa wodi ya watoto.

Pamoja na udhaifu huo, katika mifano yote hii kuna jambo moja linaloifanya iheshimike: sababu ya kusimama ilitokana na afya ya washiriki na uzito wa ushahidi, na ilikuwa imeandikwa kabla.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 2025. Januari 20 mwaka huo, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye, miradi iliyofadhiliwa na shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, iliagizwa kuacha kazi. Miongoni mwake zilikuwamo tafiti za tiba zilizokuwa na watu ndani yake. Mpango wa chanjo ya ukimwi ulioitwa BRILLIANT, ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, ulikatishwa pale tu ulipokuwa tayari kuanza majaribio yake.

Hapo hakuna kamati iliyofungua hesabu. Hakuna kizingiti kilichovukwa. Hakuna aliyesema kuwa dawa imedhuru, imeponya, wala kuwa haina tumaini. Utafiti uliosimama namna hiyo hautoi jibu la ndiyo wala la hapana, na washiriki wake wanabaki na vipimo walivyotolewa na muda walioutoa, bila swali lao kujibiwa. Data zenyewe, kwa kuwa hazikufika hatua yoyote iliyopangwa, ni vigumu kuzifungua bila kukiuka kanuni tuliyoieleza hapo juu.

Nchi yoyote ina haki ya kuamua fedha zake ziende wapi. Lakini mtu anapokubali kuchomwa sindano ya majaribio, anaingia katika makubaliano. Ni sawa makubaliano hayo yakatishwe kwa ushahidi. Si sawa yakatishwe kwa barua.

Mamlaka zetu zinazotoa vibali vya utafiti, ikiwamo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na wenzao wa Kenya na Uganda, zina nafasi ya kuchukua hatua katika mambo matatu.

Kwanza, fomu ya ridhaa anayotia saini mshiriki ieleze kwa Kiswahili chepesi utafiti utafungua hesabu mara ngapi, nani atazifungua, na kwa sababu zipi unaweza kusimama. Mama wa Muheza ana uwezo kamili wa kuelewa kuwa kuna watu watakaoangalia mara tano kama maji yanawasaidia watoto au yanawaumiza.

Pili, kamati huru za tafiti zinazofanyika hapa ziwe na wanatakwimu wa hapa. Hilo linataka vyuo vikuu vyetu vifundishe mbinu hizi kwa kina. Mtaalamu anayejua kiangazi na masika ya malaria, na anayejua hospitali ya wilaya hufikisha taarifa zake kwa muda gani, atapanga ratiba ya kufungua hesabu inayolingana na hali halisi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mkataba wa ufadhili uwe na fungu la fedha lililotengwa tangu mwanzo kwa ajili ya kuufunga utafiti kwa usalama, hata mfadhili akijitoa. Fungu hilo lihudumie washiriki waliokwisha kupewa dawa, lilipie kufunguliwa kwa hesabu kwa mara ya mwisho na kamati huru, na ligharamie kurudisha matokeo kwa jamii.

Watafiti watasema sharti hilo litaongeza gharama na kuwafukuza wafadhili. Huenda ikawa kweli kwa baadhi yao. Lakini utafiti usio na fedha za kusimama salama haupaswi kupewa kibali cha kuanza, kama vile basi lisilo na breki lisivyoruhusiwa kutoka stendi hata abiria wawe wengi kiasi gani.